Mwaka wa Bukini Sikuvuka Lango

Mjukuu wangu Rehema, yule mwenye kazi ya kutembeza watalii, alirudi kutoka Madagaska na bahasha nene ya picha, akazimwaga juu ya mkeka wangu kama mtu anayemwaga karanga za kubangua. Alitaka nishangae. Akaokota ya kwanza, na kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Hiyo miti yenye matumbo." Akaigeuza upande wake. Kweli ilikuwa mibuyu, lakini si kama hii ya kwetu iliyotawanyika ovyo. Ile imesimama wima kama nguzo, juu kabisa ina vijitawi vichache kama nywele za mtoto mchanga. Akanitazama, akaokota nyingine. "Hapo pana mto mwekundu," nikasema. Ulikuwepo, unaingia baharini ungali mwekundu kama maji ya kuoshea nyama. Ya tatu nikamwambia ni komba mweupe anayekimbia kwa miguu miwili, ubavuubavu, mikono juu kama mlevi wa ngoma. Rehema akaweka picha chini. "Bibi, uliwahi kwenda huko ukatuficha?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi kwenda! Aliyekwenda ni babu yake, na sisi wakati ule kisiwa kile tulikiita Bukini. Mwaka aliokuwa akizunguka Bukini, mimi nilikuwa hapa hapa Tabora, upande wa Cheyo, ndani ya tembe la mama mkwe wangu, na tangu mvua mpaka mvua sikuvuka kizingiti cha lango. Nilikuwa mzima, sina kidonda wala kilema. Wajukuu wananiona mkali, mtu asiyeambiwa kaa chini, na nawaacha waamini kwamba nilizaliwa hivyo. Basi ngoja niseme.

Nilikuwa na miaka kama kumi na saba, nimeolewa miezi minne tu. Vita ya pili ilikuwa imepamba moto, Mwingereza anataka vijana, na Maganga akaandikishwa pamoja na wenzake wa mjini, wakapakiwa kwenye treni wakiimba. Siku ile ile, moshi wa treni haujaisha juu ya miembe ya stesheni, mama yake aliniita uani. Jina lake Nyamizi, lakini sikumsikia mtu akimwita hivyo. Kwa watu alikuwa Mama Maganga, na kwangu alikuwa Mayu, maana ndivyo Wanyamwezi tunavyomwita mama. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono kama ya mwanamume aliyezoea shoka. Hakuwa mtu wa msikiti wala wa kanisa. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akanihesabia miiko kwa vidole. "Kalunde, sikiliza. Mke wa mtu aliye safarini hanyoi wala hasuki. Hajipaki mafuta. Moto wa chumbani kwake hauzimiki. Kigoda cha mumewe hakikaliwi na mtu. Na mguu wake hauvuki lango hili mpaka mguu wa mumewe uvuke kuingia. Ukikosea hapa, anaumia huko. Sio uchawi, ndivyo ilivyo." Nikamwambia watu wanakwenda safari kila siku kwa treni na wake zao wanakwenda sokoni. Akasema, "Hao ni wasafiri wa kununua chumvi. Huyu amekwenda safari ya kufa. Wake za wapagazi walikaa hivi tangu enzi za misafara, ndiyo maana waume zao walibeba pembe mpaka pwani wakarudi." Mimi na mdomo wangu nikauliza, "Walirudi wote, Mayu?" Akajibu, "Wale ambao wake zao walishika miiko."

Mnaweza kusema mlivyozoea kusema, kwamba nilikuwa mjinga. Ngoja kwanza umpende mtu kwa miezi minne, halafu aondoke na bunduki asiyojua kuishika, halafu mtu akuambie uhai wake uko katika nyayo zako. Utacheza na nyayo hizo? Mimi nilikuwa na ubatizo na miaka miwili ya shule ya kanisani, ya kusoma herufi za kuchapwa na kuimba, lakini woga hausomi kitabu. Nikakaa.

Tembe ni nyumba mliyoiacha, kwa hiyo nieleze. Ni vyumba vya udongo vilivyoshikana kuzunguka ua, paa ni bapa, limetandikwa miti na udongo juu yake, na madirisha ni matundu ya kupitisha ngumi. Ukiwa ndani ya ua unaona mbingu ya pembe nne, basi. Tembe letu lilikuwa na vyumba vinne: chetu mimi na Maganga, cha Mayu, cha ghala, na kimoja cha mbuzi, na harufu ya mbuzi ndiyo iliyokuwa mwenyeji, sisi wengine wageni. Nilijua ua ule kama mtu anavyojua mdomo wake kwa ulimi. Nilijua mjusi mwenye mkia uliokatika alilala tundu gani, mchwa walipandia nguzo ipi, saa ngapi jua liligusa kinu na saa ngapi liliacha. Mwewe alikuwa na kawaida ya kupita saa ya kutwanga. Anaingia mbinguni mwetu pembe ya jikoni, anatoka pembe ya mbuzi, na mimi mchi mkononi namsindikiza kwa macho kama ndugu. Nywele ziliota zikawa kiota. Ngozi bila mafuta ilipauka, miguu ikapasuka, nikijikuna najichora mistari myeupe. Kula tulikula: ugali wa mtama na mlenda, au michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vikakauka, iliyochemshwa na karanga za kusaga, chakula kizuri, sikatai, lakini kila tonge nililila nikitazama lango.

Mwezi wa pili nilimwuliza kama paa ni nje au ni ndani. Nilikuwa nataka kuanika michembe juu. Mayu alifikiri jambo hilo siku mbili nzima kama hakimu. Asubuhi ya tatu akasema, "Paa linashikwa na kuta. Kuta ni za ndani. Panda." Nikapanda ngazi ya gogo mbio kama mbuzi. Wallahi, ingawa mimi Mkristo, niliapa hivyo siku ile. Niliona mji! Niliona bati za maduka ya Waarabu, miembe iliyopandwa na watu wa misafara ikiwa imejipanga kushuka njia ya zamani, na upande wa kaskazini barabara nyeupe inayokwenda Puge, kwetu, inaingia porini kwenye miyombo na kupotea. Tangu hapo michembe yangu ilikuwa haikauki. Kila siku nilikuta sababu ya kuigeuza.

Lakini niseme haki. Mayu alinizuia, na yeye ndiye aliyebeba maji. Kisimani alikwenda yeye, na umri ule, mitungi miwili asubuhi na mmoja jioni, kuni yeye, sokoni yeye. Wanawake wenzake walimcheka njiani: "Mama Maganga, umeoa au umeolewa? Mkwe amekaa kama malkia wa nyuki!" Naye aliwajibu, nikimsikia toka ndani, "Malkia wa nyuki akitoka, mzinga unabaki na nini? Nyamazeni." Mwalimu Yohana wa kanisa letu alikuja kunidai Jumapili nilizokosa kanisani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Akasema, "Mama Maganga, shikamoo. Huyu binti ni Mkristo. Mungu hamlindi mumewe kwa kizingiti." Mayu akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Huyo Mungu wako alimzaa mwanangu yeye, au nilimzaa mimi?" Mwalimu akavua kofia, akakaa, akaletewa uji. Toka siku ile akawa anakuja mwenyewe na Injili yake, kunisomea uani, na barua zilipoanza kuja akawa anasoma na barua, kwa sababu mimi herufi za kuchapwa niliziweza lakini mwandiko wa karani wa jeshi ulikuwa kama nyayo za kuku.

Barua zile ndizo zilizonimaliza. Mahali penye jina la nchi palikuwa pamepakwa wino mweusi, hata hatukujua yuko wapi, tulijua tu ni kisiwa, kikubwa kuliko akili. Maganga hakuwa mtu wa kuandika habari za vita. Alikuwa mtu wa kushangaa. Aliandika kwamba wameshuka kwenye meli, wakafuata mto mwekundu siku nyingi, na kwamba udongo wa nchi nzima ni mwekundu, vilima vimechubuka kama magoti ya mtoto. Kwamba ng'ombe wao wana nundu kama wa Igunga, nao huwaita umbi, na mbwa wanamwita amboa, "hata nikadhani wamekwenda shule yetu wakatoroka mapema." Kwamba kuna kinyonga mrefu kama mkono mpaka kiwiko, na mwingine anatosha juu ya ukucha. Kwamba wenyeji wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, kisha wanakunywa maji yaliyochemshwa katika ukoko wa sufuria. Mwalimu Yohana alisoma pole pole, akiweka kidole, na Mayu alisimamisha kila kazi. Barua moja ilisema katika kisiwa kile hakuna simba, hakuna chui, hakuna fisi, na nyoka wake hawana sumu ya kuua mtu. Mayu hakukubali. "Nchi isiyo na simba? Sasa watoto wao wakilia wanatishwa na nini?" Mwalimu akatafuta katika karatasi kama jibu limeandikwa, akasema, "Labda na serikali." Tulicheka wote watatu, na nilipomaliza kucheka nikaona nimekasirika. Yeye anaona vinyonga wa ukucha. Mimi naona mjusi mkia kipande. Kila barua ilipokuja, ua ule ulikaribia mwili. Mwalimu akifunga karatasi nilisikia kuta zimesogea hatua moja, na mara kadhaa nilipanda juu nikakaa katikati ya michembe, nikajikunja, nikavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

Basi masika yakapita, kiangazi kikaingia, na mchana mmoja kaka yangu Mihambo akatokea langoni. Alikuwa ametembea siku tatu toka Puge. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti na fimbo yake, mimi nikasimama ndani, kati yetu gogo lililolala, upana wa kiganja. Akasema, "Mama anaumwa. Tumbo limevimba, hali chakula. Amesema niende nimlete Kalunde." Nikamtazama Mayu. Alikuwa anapeta mtama, hakuacha kupeta. "Mlango huo," akasema. "Sijakufunga kamba. Mama ni mama, hana wa pili. Lakini mwanangu naye yuko huko kwa sababu bado hujavuka. Ukivuka leo, likitokea la kutokea, sitakuuliza mimi. Utajiuliza mwenyewe, kila siku, mpaka uzeeke." Ungo ukaenda juu, ukarudi. Mihambo akaniambia kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayemwita ndama, "Njoo, dada. Twende." Akanyoosha mkono. Niliinua mguu wa kulia. Naapa niliuinua. Nikamwona Maganga anaanguka. Sijui wapi, sijui vipi, lakini nilimwona anaanguka chali, na mguu wangu ukarudi mahali pake wenyewe.

"Umeolewa au umenunuliwa?" Mihambo akasema.

"Mwambie mama anisubiri. Akirudi tu Maganga, nakuja siku ile ile."

"Nimwambie ugonjwa usubiri."

"Mihambo."

"Hapana, nitamwambia. Nitamwambia nimemkuta Kalunde mzima, amenona, amesimama mlangoni, na kati yetu palikuwa na gogo." Akageuka. Hakunywa hata maji. Mimi nikapanda paani, nikamwona anaishika ile barabara nyeupe, fimbo begani, mpaka akawa mdogo kama sisimizi, mpaka miyombo ikamla. Michembe ilikuwa chini ya magoti yangu, nikaiponda yote.

Mama alikufa haukupita mwezi. Habari aliileta utingo wa lori la pamba lililotoka Igunga na kupitia Puge, alipiga kelele toka barabarani bila kushuka, kama anayetangaza mnada: "Dada wa Mihambo ndiyo hapa? Mama yenu amezikwa juzi!" Lori likaenda zake stesheni. Nililia nimeshika kinu. Mayu alikuja akakaa chini kando yangu, mavumbini, akanyoosha miguu kama mfiwa, akalia naye kwa sauti, na wanawake wa jirani wakaja, uani pakawa na msiba ambao maiti yake iko mbali. Mwalimu Yohana aliomba. Alipomaliza aliniuliza kimya kimya, "Hata kaburini huendi, binti yangu?" Nikasema, "Nimekwishalipa bei yote, mwalimu. Sasa niharibu mzigo?" Nilisema hivyo, mimi, miaka kumi na saba. Nikiyakumbuka maneno hayo leo natamani kumzaba makofi msichana yule. Lakini namwelewa. Ukishamtupa mama yako kwa ajili ya jambo, jambo hilo lazima liwe kweli. Huwezi tena kuliuliza. Tangu siku ile nilishika miiko kuliko Mayu mwenyewe. Kuku akikanyaga kigoda cha Maganga nilimfukuza kwa mwiko wa ugali, na moto wa chumbani niliulisha kama mtoto.

Mvua za kwanza za msimu uliofuata zilikuwa zimeanza Maganga aliporudi. Nilisikia treni ikilia stesheni na sikwenda kuipokea. Nilisimama langoni, nywele kiota, miguu magaga, nikasikia kelele za watu zinapanda njia, kisha sauti nyingine katikati yao, tok, tok, tok, ya mti unaogonga ardhi. Maganga alikuja na gongo chini ya kwapa. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti kama tawi lililofungwa vibaya. Akavuka kizingiti, gongo kwanza. Mayu alimnyunyizia maji ya unga, akamshika uso, akamshika mabega, akashuka mpaka kwenye mguu. Hapo akanigeukia. "Ulitoka," akaniambia. "Nilipokuwa kisimani. Ulitoka."

"Mayu, sikutoka."

"Siku ile ya msiba. Ulitoka!"

"Muulize Mungu, muulize mjusi. Sikutoka!" Na yeye alijua. Nyayo za lango alikuwa anazitazama kila arudipo na mtungi; nilimwona mara nyingi. Akauachia mguu wa mwanawe, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeona jua linachomoza magharibi.

Siku ya pili mchana watu walijaa uani kula na kumsikiliza. Tulichinja mbuzi, tukapika wali kwa ajili yake, na Maganga akakaa juu ya kigoda chake, mguu mbele, akaanza Bukini. Hapo ndipo tulipolisikia jina. Huyo mume wangu alijua kusimulia! Alituonyesha kwa mikono miti yenye matumbo. Aliinuka kwa gongo akacheza komba mweupe, ubavuubavu, watu wakaangua vicheko. Alisema kuna mawe yaliyosimama kama sindano, mengi, msitu mzima wa mawe, hata ndege anachagua pa kukaa. Halafu akaja kwenye msitu wa mvua, mashariki, walikowekwa kulinda reli wakati mapigano yamekwisha. "Kule kuna komba mkubwa, mweusi na mweupe, hana mkia. Asubuhi anaimba. Si kelele, anaimba! Kama mama anayeita watoto toka bonde la pili, na mwingine anaitika, na msitu mzima unanyamaza. Wenyeji wanasema ni ndugu wa babu yao, hapigwi, hasumbuliwi. Mzee mmoja aliniambia kwa ishara, msikilize ukiwa chini. Mimi nikasema, Maganga mwana wa mpagazi, nimetoka Tabora mpaka huku, nisimwone mdomo wake unavyokaa akiimba? Jumapili, hatuna zamu. Nikavua viatu, nikapanda. Nikafika karibu kabisa, kama hapa na kinu. Akanitazama! Macho ya manjano. Nikacheka. Na tawi likakatika." Akapiga goti lake. "Basi. Vita nzima hakuna risasi iliyonigusa. Nimevunjwa na nyimbo."

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Yeye mwenyewe alicheka akifuta macho. Kisha, kama mtu mwenye adabu aliyekumbuka, akanigeukia mbele ya wote. "Na ninyi huku, Kalunde? Mama mkwe wangu wa Puge hajambo?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Vicheko vilikatika. Nilikuwa nimeshika sinia la nyama.

"Amekufa," nikasema. "Kiangazi."

Uso ukamwanguka. "Pole. Pole sana, mke wangu. Ulikwenda kumzika?"

"Sikwenda. Nilikuwa hapa nakulinda usianguke."

Sikupaza sauti. Lakini mwalimu Yohana alivua kofia, na mtu mmoja akaweka tonge lake chini. Mayu alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake. Akamwuliza mwanawe, polepole, "Ulipanda mwenyewe? Hakuna aliyekutuma, hakuna aliyekusukuma?" "Nilipanda mwenyewe, mama." "Kwa kutaka tu?" "Kwa kutaka kuona." Mayu akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakula siku ile wala ya pili.

Siku ya tatu aliniita. Chumba chake kilikuwa na giza mchana, kinanuka tumbaku. Alikuwa juu ya ngozi ya ng'ombe, amejikunja, na kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo. Akaniambia baba yake Maganga alikuwa mpagazi toka ujana, alishika misafara ya mwisho kabla ya reli, na vita ya Mjerumani ilipokuja akachukuliwa kubeba mizigo ya wazungu. "Mimi nikakaa, kama nilivyokuweka wewe. Nilikaa vizuri. Mvua ya kwanza ikanyesha, uyoga ukaota huko miyomboni, wenzangu wakanipitia wakiimba. Nilikuwa msichana. Nikatoka. Nusu ya asubuhi, nikajaza kikapu, nikarudi. Baada ya hapo habari ikaja kwamba amebaki njiani. Njia gani, hakuna anayejua. Miaka yote hii najua kwamba nilimuua kwa uyoga." Akanishika mkono, kiganja chake kilikuwa kigumu kama kwato. "Wewe hukutoka. Na huyu ameanguka. Kalunde, kama si uyoga wangu, ni nini kilichomuua?"

Ningeweza kumwambia maneno mazuri. Nilikuwa na hasira, na mimi si mtu wa maneno mazuri. "Labda homa, Mayu," nikasema. "Labda njaa. Mizigo ile ilikuwa mizito." Akatikisa kichwa, akatikisa, kama mtu anayeonja kitu kigeni. Halafu akasema, "Kesho tunakwenda Puge."

Maganga alitaka tusubiri lori. Mama yake akamwambia, "Wewe umetembea vya kutosha, kaa na mbuzi." Tukaondoka asubuhi, mimi nimenyoa kipara, nimepaka mafuta mpaka visigino. Nilipovuka lango sikusikia lolote. Nilidhani nitalia au nitaruka, kumbe ni gogo tu. Ile barabara nyeupe tuliifuata kwa miguu, ameongoza yeye, hatua ndefu, mzigo kichwani haushikwi na mkono. Miyombo ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu kama shaba, harufu ya mvua na asali imejaa kila mahali, swala wanatuvukia mbele bila haraka, na hondohondo wanaguna kama wazee barazani. Njia nzima ilikuwa nzuri hivyo na mimi nilikuwa naitazama kwa uchungu, kwa sababu ilikuwepo siku zote, siku tatu tu kwa miguu. Siku ya pili tulipita penye uyoga, mwingi, mwekundu na mweupe, kando ya njia. Mayu alisimama, akautazama. Hakuinama. Tukaendelea.

Mihambo alikuwa shambani karibu na njia. Alituona tukija, na hakuja kutupokea. Tulipomfikia alituitikia salamu kwa pua. Mayu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti, alipiga magoti kwenye tuta la karanga mbele ya kijana ambaye yeye angeweza kumzaa. "Mimi ndiye niliyemzuia dada yako. Makosa ni yangu. Usimtazame hivyo, nitazame mimi." Mihambo alimwacha pale muda mrefu kuliko adabu. Kisha akanitazama, akasubiri. Nilijua anasubiri niseme ndiyo. Mtu mzima alikuwa amejilaza chini kwa ajili yangu, njia ilikuwa imefagiliwa, neno moja tu na mimi ningekuwa mwanamke aliyeonewa mpaka leo. Na Rehema angekuja na picha zake, ningemwambia hivyo, angenionea huruma.

"Hakunishika," nikasema. "Ulikuwepo, uliona. Mguu ni wangu."

Mihambo akaokota jembe lake. Aligeuka akatembea mbele, tukamfuata mpaka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imeotesha nyasi juu ya mama kufika magotini, hata usingejua kama si msalaba wa miti miwili. Akanitia jembe mkononi. "Basi palilia," akasema, akarudi kwenye karanga zake. Hakuleta jembe la pili. Mimi nikaanzia miguuni, na Mayu akachutama kichwani akang'oa kwa mikono, mpaka udongo wote ukawa wazi.